Maji ya Mwisho wa Mwezi

Mume wangu Abraham aliendesha redio kolu ya serikali pale Manyoni, na kwa miaka yote hiyo kulikuwa na mwanamke aliyeongea naye kila asubuhi kuliko nilivyoongea naye mimi. Aliitwa Eliana. Alikuwa opereta wa kituo cha Msimbili, ndani kabisa, ukishaipita Itigi na vichaka vyake ukaanza kujiuliza kama dereva anajua aendako. Nilikuwa namwita mke mwenzangu wa hewani. Nikimpelekea Abraham chakula cha mchana, nilikuwa namnyang'anya kipaza sauti na kusema, "Mke mwenza, huyu mzee leo nimemfulia mimi, kesho ni zamu yako." Naye alikuwa anajibu huku anacheka, "Mlete tu, dada Dina, sabuni ninayo." Hatukuwahi kuonana uso kwa uso.

Wizara yao sitaitaja. Wengine waliokuwamo bado wamo, na mimi sina nguvu za kuitwa kuhojiwa. Inatosha kusema kwamba kazi ya kina Abraham ilikuwa kupokea na kupeleka ujumbe kutoka huko ambako simu haikuwahi kufika: josho limekauka, ng'ombe wanakufa, chanjo imeharibika, kuna mgonjwa.

Maopereta walikuwa na madaraja matatu. La tatu ni la anayeanza, na mshahara wake haukuhitaji hata kufungwa kwenye pindo la khanga. La pili ndilo alilokuwa nalo Abraham tangu binti yetu Sara hajazaliwa, na sasa Sara alikuwa anakaribia kwenda sekondari. La kwanza tulilisikia tu, kama sisi watu wa Manyoni tunavyoisikia bahari. Kila mwaka aliambiwa avute subira, muundo wa utumishi unaangaliwa upya. Uliangaliwa mpaka ukaangaliwa kweli, nasi tukajuta kuuombea.

Hiyo ilikuwa enzi ya ruksa. Madukani vitu vilirudi, mitumba ikamwagwa mnadani, na aliyekuwa na kamtaji aliuza chochote alichotaka. Serikali nayo ilikuwa imekopa hela kwa wazungu, na pamoja na hela ikapewa ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja tu: punguzeni watu. Ukaja waraka. Ulisema daraja la opereta litafuata shughuli za kituo chake. Kituo kisichofikisha idadi ya ujumbe iliyowekwa kwa mwezi kitafungwa, na opereta wake atapunguzwa kazini. Kituo kitakachoivuka, opereta wake atapanda. Aliyeandika waraka ule hakuwahi kulala Msimbili hata siku moja. Kama watu hawaumwi na ng'ombe hawafi, opereta afanye nini, awaroge?

Basi maopereta wakafanya kama wanavyofanya wauza maziwa wa huku kwetu. Maziwa yakipungua kwenye kibuyu, unaongeza maji. Mwisho wa mwezi kituo kimoja kilikipa kingine ujumbe wa uongo, nacho kikajibu kwa uongo, kila upande ukaandika wake na hesabu ikatimia. Wenyewe waliuita maji. Ujumbe wa kusema mvua imenyesha haukufaa, maana mkoani waliufuta. Uliofaa ni ule unaodai jibu: dawa imekwisha, mgonjwa ana hali mbaya, tunaomba gari. Na jibu lake: dawa inakuja, gari limeondoka.

Hawakuwa na alama ya kutofautisha maji na maziwa. Wangewezaje, na mkoani Singida walikuwa wanasikiliza? Walikuwa na saa tu. Ujumbe wa kweli ulipita asubuhi, vituo vyote vilipoitana, au siku yoyote ya katikati ya mwezi. Maji yalipita siku ya mwisho ya mwezi, alasiri, ofisi zikishapoa. Walielewana hivyo bila kuandikiana, na kwa muda mrefu hakuna aliyekosea.

Simtetei mume wangu, lakini mjue alikuwa mtu wa namna gani. Landrova ya wizara ilikuwa imewekwa juu ya mawe uani, kuku wakitagia chini yake. Ukija ujumbe wa kweli wa mgonjwa, Abraham alikuwa anatoka mbio mpaka dukani kwa Kassamali, ambaye alikuwa na pikapu, na kumwomba kama anayeomba kwa ajili ya mama yake mzazi. Kassamali alilalamika kwa Kihindi, akalalamika tena kwa Kiswahili ili tusikose kuelewa, kisha akatoa funguo. Wako watu wanaotembea leo kwa sababu ya mbio zile.

Eliana alikuwa mjamzito, na hakuna mtu Manyoni aliyejua. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, kwa hiyo hii ya tatu aliinyamazia, kama tunavyofanya wanawake wa kwetu. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Angeomba likizo ya uzazi, kituo chake kingekaa kimya kwa miezi, na kituo kilichokaa kimya kilikuwa kinafungwa. Alikuwa daraja la tatu, yuko porini, na mumewe Innocent hakuwa na kazi zaidi ya shamba na mizinga ya nyuki. Mshahara ule mdogo ndio uliokuwa mshahara wao. Basi akajifunga khanga pana, akaendelea kuita Manyoni kila asubuhi kwa sauti ile ile.

Yaliyotokea Msimbili aliyetusimulia ni Innocent mwenyewe, msibani. Uchungu ulimwanza Eliana jioni. Kesho yake mchana mkunga wa kijiji akasema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali. Innocent akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akatandika majani na godoro. Eliana akasema kwanza ashikwe mkono apelekwe kwenye redio, kwa sababu gari ni bora kuliko ng'ombe. Akaketi kwenye kiti chake cha kazi. Innocent alisema hakuwahi kumwona mtu akijikaza namna ile, alingoja uchungu upungue kidogo, akabonyeza, akasema kwa sauti ya kazi, "Manyoni, hapa Msimbili. Mama mjamzito, uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Tunaomba gari. Ova."

Hakusema ni yeye. Walifundishwa hivyo, opereta hajiweki kwenye ujumbe. Na hakujua kwamba ni siku ya mwisho ya mwezi wa tisa, alasiri. Mwanamke mwenye uchungu hajui tarehe.

Abraham akajibu palepale, "Msimbili, gari limeondoka. Mgonjwa akae njia panda. Ova." Akaandika ujumbe, akaandika na jibu, akafunga dirisha.

Innocent akawafungua ng'ombe, wakaenda kula. Wakambeba Eliana na kitanda chake mpaka njia panda.

Jioni ile Abraham alirudi nyumbani na nyama imefungwa kwenye gazeti, kitu ambacho hatukukizoea tarehe kama zile. "Tumefika, mama Sara," akaniambia. "Mwezi umetimia, tena umevuka. Yule Eliana ni dada, nakwambia. Sikumwomba, amenipa mwenyewe." Tukala. Nilivunja mifupa na kufyonza mpaka Sara akanicheka. Sikuwa na kosa lolote katika kula nyama ile, lakini mpaka leo sijaisahau.

Asubuhi ya pili yake alirudi kabla ya saa nne. Hakuwa mtu wa kuacha kazi. Akakaa kwenye kizingiti, kofia mkononi, nikafikiri amepunguzwa kazini, na Mungu anisamehe, wakati ule nilidhani hilo ndilo baya kuliko yote.

Kumbe vituo vilipoitana asubuhi, sauti iliyoita kutoka Msimbili ilikuwa ya mwanamume. Innocent hakujua kuendesha redio, alikuwa amemwona mkewe tu. Alibonyeza akasema, "Gari liko wapi? Mmesema gari limeondoka. Tumekaa njia panda mpaka kumekucha. Eliana amefariki, na mtoto. Gari liko wapi?" Na hakuachia kitufe. Usipoachia kitufe, hakuna anayeweza kukujibu. Mkoa mzima ukakaa unamsikiliza mtu analia, mpaka betri yake ikaanza kufifia.

Alipoachia, wa kwanza kusema walikuwa Singida. Wakauliza, "Manyoni, gari lilipatwa na nini njiani?" Swali lenyewe lilikuja limebeba jibu lake, na Abraham akalipokea. Akasema liliharibika.

"Vituo vingine havikusema kitu?" nikamuuliza.

"Waseme nini, mama Sara? Kila mmoja alikuwa na maji yake jana. Nikisema la kweli, wanafungiwa wote."

"Na wewe?"

"Na mimi nimo."

Nilimkasirikia kwa hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nilitaka kumpiga, nikataka kumshika, mwishowe nikaenda kuchota maji, maana maji ya kunywa hayakuwapo ndani. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hawakusema kwamba wa kwao wanaweza kuwa wameshakula kabla ya kujua.

Tulikwenda msibani kwa pikapu ya Kassamali. Alituendesha mwenyewe. Tulipoipita Itigi ndipo akasema, macho yake barabarani, "Bwana Abraham, juzi mimi nilikuwa dukani mchana kutwa. Gari hili lilikuwa hapo nje. Ungekuja kuniambia tu." Abraham akageuzageuza kofia yake magotini. Kassamali hakuuliza tena, wala hakutaka hela ya mafuta.

Eliana nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa amelazwa. Nilikuwa nimejitengenezea mwanamke mrefu, mwembamba, kutokana na sauti. Alikuwa mfupi, mwenye mikono midogo kama ya msichana, na mtoto wamemlaza ubavuni mwake. Nililia kama nilivyomlilia dada yangu wa damu, na wanawake wa Msimbili wakawa wananishika bila kujua mimi ni nani. Nilipowaambia, mmoja akasema, "Kumbe wewe ndiye Dina. Alikuwa anakutaja sana."

Tulipokuwa tunaaga, Innocent alimfuata Abraham. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama anayemsalimia mkubwa wake. "Kaka, nashukuru," akasema. "Ulijibu haraka. Gari kuharibika si kosa lako." Mume wangu akasema, "Pole, ndugu yangu." Sikuweza kuwatazama. Nilitazama ng'ombe wale wawili, wanakula mabua.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niichukie karatasi ya serikali. Maopereta wa mkoa mzima walimpenda Eliana, kwa hiyo kila kituo kilileta rambirambi. Zililetwa Manyoni kwa redio ili zipelekwe Msimbili. Zikaja za vituo, za wake zao, za ofisi, za vijiji ambavyo Eliana aliwahi kuviombea dawa. Na kanuni ilisema kila ujumbe unaopita lazima uandikwe. Abraham akaziandika, moja moja, kwa mwandiko wake mzuri. Mwezi ule wa kumi Manyoni ilivuka idadi kuliko ilivyowahi kuvuka tangu kituo kijengwe, na hakukuwa na tone la maji ndani yake.

Mwaka mpya ulipoingia, ikaja barua. Kutokana na kuongezeka kwa shughuli za kituo, Bwana Abraham amepandishwa kuwa opereta daraja la kwanza.

Hakunionyesha. Niliiona mezani wakati napanga vyombo. Tuliisubiri tangu ujana wetu, na hakuna aliyesema hongera kwa mwenzake.

Kiti cha Eliana walimpa Innocent. Alikuwa na darasa la saba na mwandiko unaosomeka, na wizara iliona ni rahisi kumchukua mtu aliye palepale kuliko kumshawishi mwingine aende. Daraja la tatu, kama mkewe. Akaagizwa Abraham amfundishe kwa redio. Nikipita pale mchana nilikuwa nasikia mume wangu anamwelekeza, taratibu, kama baba: ukimaliza sema ova, achia kitufe, ngoja. Innocent alikuwa anaanza kila mara na shikamoo. "Shikamoo, mwalimu," anasema, na Abraham anafumba macho kabla ya kuitikia marahaba.

Nilimwambia mara moja, usiku tumelala, "Mwambie." Akasema, "Nitamwambia uso kwa uso, si hewani." Lakini Msimbili hakwenda. Nauli ilikuwapo sasa, ila hakwenda.

Ikaja siku ya mwisho ya mwezi wa tatu. Nilikuwa nimempelekea chakula nimechelewa, alasiri, na bakuli lilikuwa bado mkononi mwangu redio ilipokohoa.

"Manyoni, hapa Msimbili. Shikamoo, mwalimu. Ova."

"Marahaba, Msimbili. Sema. Ova."

"Mwalimu, Fabiano wa kituo jirani alipita hapa juzi na baiskeli. Ameniambia mwezi huu nimepungukiwa, watanifungia kituo. Akasema nikuombe wewe maji. Amesema siku ya mwisho ya mwezi, alasiri, huwa mnapeana. Sasa mimi sijui nianzeje. Nasema kuna mgonjwa? Ova."

Hakuna mtu aliyewahi kulitamka jambo lile hewani. Abraham alinitazama. Nadhani alikuwa anawaza Singida, kama wanasikiliza, na walikuwa wanasikiliza. Hakubonyeza.

Innocent akangoja. Kisha akajaribu mwenyewe, kwa sauti ya kazi aliyofundishwa, "Manyoni, hapa Msimbili. Mgonjwa ana hali mbaya. Tunaomba ga..." Akakatika. Kitufe alikuwa amekishikilia bado, kwa sababu tulisikia kuku wa Msimbili wanalia, na mtu anapumua.

"Mwalimu," akasema, polepole sana, "Eliana alikufa kuamkia mwezi wa kumi." Kisha akauliza, "Lile gari liliondoka? Ova."

Nami nasema wazi kwamba pale mlangoni nilitaka mume wangu adanganye. Nilitaka aseme ndiyo, liliondoka, likaharibika, nasi turudi nyumbani. Nilimwazia Sara na sekondari yake. Nilimwazia Innocent pia, nikaona uongo ungemfaa hata yeye. Abraham alikivuta kipaza sauti mpaka kikamgusa mdomo.

"Msimbili, hapa Manyoni. Halikuondoka. Nilidhani ni maji. Sikwenda kuliomba. Ova."

Innocent akasema, "Rudia. Ova."

Hewani usiposikia vizuri unaomba urudiwe, na opereta anarudia neno kwa neno, haongezi wala hapunguzi. Innocent alikuwa amesikia vizuri. Abraham akarudia, neno kwa neno, nami nikaweka bakuli chini nikamshika bega. Msimbili ikazimwa.

Tulirudi nyumbani tukakusanya vitu. Nyumba ilikuwa ya serikali, tulijua tutaambiwa tuondoke. Singida walikuwa wamesikia, vituo vyote vilikuwa vimesikia. Tukangoja wiki, tukangoja mwezi. Hakuna aliyekuja. Aliyekuwa zamu Singida alikuwa na daraja lake la kulinda, na mkubwa wake alikuwa ameshapeleka juu taarifa ya jinsi shughuli za vituo zilivyoongezeka. Kumfukuza Abraham kungewalazimu kueleza alifukuzwa kwa nini. Wakanyamaza. Nilikuwa nimeogopa sana wamfukuze, na walipoacha kumfukuza nikaona ni adhabu kubwa zaidi.

Innocent aliifunga redio ndani ya nyumba ya kituo, akaacha funguo kwa mtendaji wa kijiji, akaenda kukaa na mizinga yake. Msimbili ikafutwa kwa kukosa shughuli. Abraham alikwenda huko mwishowe, kumwomba radhi uso kwa uso. Innocent alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza mpaka njia panda. Hakusema amesamehe wala hakusema hapana.

Maji hayakuisha. Waraka ulikuwa uleule, na wenye watoto walikuwa walewale. Mwisho wa mwezi, alasiri, vituo viliendelea kuita Manyoni: mgonjwa ana hali mbaya, tunaomba gari. Abraham alijibu kila kimoja, na kila kimoja alikiandika. Ila sasa akishajibu alikuwa anainuka, anatoka mbio mpaka kwa Kassamali, anaomba pikapu. Anajua ni maji, na anakwenda. Mara ya kwanza Kassamali alitoa funguo bila kulalamika, na gari likaenda mpaka porini, likarudi tupu. Mara ya pili akataka mafuta yalipwe kwanza, na Abraham akalipa. Akalipa na ya tatu, na ya nne. Nyongeza yote ya daraja la kwanza iliishia kwenye tangi la pikapu ile, kufuata wagonjwa ambao hawakuwapo, na Sara nikamsomesha kwa kuuza vitunguu. Majirani walinishauri nimpeleke mzee akaombewe. Sijawahi kumwambia aache.